Kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo apate uzito

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo (ubongo umeathirika hata hawezi kuitawala misuli yake vizuri) akikonda, watu husema ndivyo maradhi yake yalivyo. Sivyo. Mara nyingi chakula hakifiki tumboni cha kutosha: kingine kimemwagikia kifuani, kingine ulimi umekisukuma nje, na mlishaji kachoka.

Anza na mkao. Usimlishe amelala chali wala kichwa kimeangukia nyuma. Uji unaweza kuingia njia ya hewa. Mketishe wima, nyonga na magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu, kidevu kimeinama kidogo. Kama hana kiti maalumu, mweke kwenye kona ya ukuta, ubavuni umkaze kwa kanga zilizokunjwa. Nawe keti mbele yake, macho yenu yalingane. Ukisimama, atainua uso kukutazama na kidevu kitapanda.

Tumia kijiko kidogo, bapa, cha plastiki ngumu, maana huweza kung'ata ghafla na chuma kikamuumiza. Chota nusu kijiko cha chai. Kilete kutoka mbele, kandamiza kidogo katikati ya ulimi, ngoja midomo ifunge, kisha kitoe kikiwa kimenyooka. Usikwangulie uji kwenye meno ya juu. Tazama koo lipande na kushuka ndipo uchote tena.

Uji uwe mzito: ukiinamisha kijiko udondoke, usitiririke. Vitu vyepesi kama maji ndivyo vinavyompalia upesi. Kwenye kikombe cha mililita 250 tia kijiko cha chai cha mafuta ya kula na kijiko cha chakula cha karanga zilizosagwa laini kabisa, na upikie maziwa badala ya maji matupu. Unga wa lishe wa nafaka nyingi haumfai kitu ikiwa uji wenyewe ni maji. Mpe milo 5 au 6 kwa siku, kila mmoja usizidi nusu saa, kisha abaki ameketi dakika 30.

Akikohoa kila mlo, macho yakalengwa machozi, sauti ikawa ya majimaji au akaugua kifua mara kwa mara, mpeleke hospitali.

Mpime kila mwezi: panda mizani umembeba, kisha toa uzito wako.

Akiendelea kukua, balehe huweza kuanza mapema kuliko kwa wenzake. Mifupa hurefuka haraka kuliko misuli iliyokaza, hivyo mgongo huweza kupinda na nyonga kuteguka. Mrudishe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, hata kama mlishaacha kwenda. Dozi ya dawa za kifafa, kama anazitumia, nayo hufuata uzito, kwa hiyo daktari aipitie upya.