Kupandisha toleo la Perforce bila kupoteza hifadhidata
Zima seva ya Perforce (mfumo wa kutunza matoleo ya faili) kwa p4 admin stop, kisha kwa p4d (programu ya seva) ileile ya zamani toa chekipointi, yaani nakala ya hifadhidata: p4d -r /data/p4 -jc. Linganisha md5 yake (alama ya kuthibitisha kuwa faili halijaharibika), kisha uinakili kwenye diski nyingine. Hapo usiruke: amri ya kupandisha hifadhidata, -xu, ikishageuza faili zake za db.*, p4d ya zamani haizisomi tena, na chekipointi ndiyo njia yako ya kurudi. (Haibebi yaliyomo kwenye faili za watumiaji, hayo yanahitaji chelezo yake.)

Weka p4d mpya, endesha p4d -r /data/p4 -xu kwa akaunti inayomiliki faili hizo. Ukiiendesha kama root (akaunti kuu ya mfumo), huenda seva ikakataa kuwaka kwa kukosa ruhusa.

Unatoka toleo la kabla ya 2013.3? Sogeza db.* kando, zijenge upya kutoka kwenye chekipointi kwa -jr, ndipo -xu.

Mwenye replika (seva za nakala) aanze nazo. Seva kuu mwisho.