Ukungu mweupe kwenye matundu ya AC: nusa kwanza kabla hujaruka garini

Natengeneza AC za magari hapa Mwanga, Kigoma. Mvua zikishashika mwezi wa kumi na moja, wateja hunipigia kwa jambo hili kuliko lolote lingine: "Fundi, gari linatoa moshi ndani!" Nikiuliza unatokea wapi, naambiwa kwenye matundu ya AC. Nikiuliza unanukaje, kimya. Hajanusa. Ameshazima gari na kushuka, mvua inamnyeshea.

Mara nyingi sana ule si moshi. Ni ukungu, maji matupu, na hauna madhara kwa gari wala kwa mapafu ya mtoto. Ninachokiogopa ni mlango unaofunguliwa gari likiwa bado linatembea. Ule mteremko wa kutoka Mwanga kwenda stesheni una bodaboda na bajaji kushoto na kulia. Dereva akikanyaga breki ghafla pale, au abiria akiruka, ajali itakuwa ya kweli hata kama moto haukuwepo.

Kwa hiyo ukiuona, shikilia usukani, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, na vuta pumzi kwa pua. Pua ndiyo itakayokupa jibu la kwanza. Ukungu wa AC haunuki kitu. Moshi wa waya au plastiki inayoungua unachoma pua na macho, na huna haja ya kuutafuta, utakufikia wenyewe.

Kisha sogeza mkono kwenye tundu. Ukungu ni wa baridi, na unakufa palepale mbele ya tundu. Moshi haufi hivyo, unapanda juu, unajaa garini na kubaki. Mwisho tupia jicho geji ya joto la injini. Ikiwa imetulia mahali pake pa kila siku, hakuna harufu na hewa ni baridi kali, basi AC yako ni nzima. Kwa kweli inafanya kazi vizuri mno, maana AC iliyoishiwa gesi haiwezi kutoa ukungu huo.

Msimu uliopita alinijia mama mmoja anayeuza dagaa, ametoka Kibirizi na kigari chake kidogo. Mvua ilikuwa imemnyeshea yeye na wanawe, nguo zimelowa chapachapa, vioo wamefunga, AC ameiweka kwenye baridi ya mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Gari langu linaungua. Watoto nimewaacha kwa dada yangu, nimeogopa kuja nao."

Nikakaa naye ndani, nikawasha. Ukungu ukatoka kwenye tundu la katikati kama ulimi mweupe, urefu wa kiganja, ukapotea. Nikamwambia, "Mama, lete mkono." Akausogeza, akaurudisha, akausogeza tena. "Mbona baridi?" Nikamwomba anuse. Akanusa, akanusa tena, akanitazama. Nikapandisha joto kidogo, nikaongeza feni, nikabonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kabla hajamaliza kunieleza alivyotetemeka njiani, ukungu ulikuwa umekwisha.

Kilichotokea ndani ya gari lile ni hiki. Hewa ya joto hubeba maji mengi yasiyoonekana. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za maji. Ukiipoza hadi nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi. Yaliyozidi lazima yatoke, na yanatoka kwa vitone vidogo sana vinavyoelea, ndivyo unavyoviona vyeupe. Huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, mvua ikinyesha jua likawaka, hewa inakuwa imeshiba maji tayari. Ongeza nguo zilizolowa, pumzi za watu watano na vioo vilivyofungwa. Hewa ya baridi ikitoka tunduni ikagusana na ile, ukungu hauna budi kutokea. Dereva aliyezoea hewa kavu ya Tabora ya mwezi wa tisa anaweza kumaliza miaka bila kuuona, halafu akateremka kwetu kupitia Uvinza wakati wa masika akadhani gari limeharibika njiani. Hata ndani ya ndege iliyosimama uwanjani kwenye joto na unyevu, ukungu huohuo hushuka kutoka juu ya viti, na abiria wageni huanza kutazamana.

Kuuondoa ni rahisi. Funga vioo vyote, maana kioo kilichoachwa wazi kidogo kinaingiza maji mapya kila sekunde. Bonyeza kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake, ili AC ikaushe hewa ileile badala ya kupambana na ya nje. Usiizime AC! Watu wengi hukimbilia kuizima huku feni inaendelea, na hapo maji yaliyobaki kwenye evapureta, kile kipozeo cha hewa kilichofichwa ndani ya dashibodi, yanapulizwa yote ndani, kioo cha mbele kinaziba ghafla. Badala yake pandisha joto nyuzi mbili tatu na uongeze mwendo wa feni. Dakika chache zinatosha. Ukungu ukiisha, rudisha hewa ya nje, hasa kama gari limejaa na safari ni ndefu, kwa sababu hewa ya kuzungushwa muda mrefu huchosha na kuleta usingizi.

Kioo cha mbele kina mambo yake. Kikiziba, pitisha kidole kwa ndani. Pakifutika, unyevu uko ndani: elekeza hewa kwenye kioo, AC ikiwa imewashwa, changanya na joto, tumia hewa ya nje. Pasipofutika, unyevu uko nje, kwa sababu AC imekipoza kioo. Hilo utaliona ukitoka Kasulu, kule juu kwenye baridi, ukashuka kuja Mwandiga kwenye joto la ziwani. Piga waipa, ondoa baridi kwenye kioo, basi.

Sasa yale ambayo si ya kupuuza. Ukisikia harufu ya plastiki au waya, zima AC na feni, washa taa za dharura, toka barabarani, zima injini, shusha watu wote upande usio na magari na wasimame mbali. Moshi ukiwa unatoka kwenye boneti, usilifungue lote, hewa itauchochea moto. Zimamoto ni 114.

Kuna mvuke mwingine unaofanana na ukungu kwa macho tu: wa maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita iliyo ndani ya dashibodi. Huo ni wa uvuguvugu, una harufu tamutamu, na unaacha utando wa mafuta kwenye kioo ambao kitambaa kinausambaza tu. Maji ya rejeta yanapungua, na geji inaweza kupanda. Simama, acha injini ipoe, usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto, kisha tafuta fundi. Na gesi je? Magari mengi tunayoendesha hapa yanatumia R134a, ambayo haina rangi. Ikivuja, dalili utakayoiona ni baridi kupungua siku hadi siku. Usikubali kuuziwa gesi eti kwa sababu gari "linatoa moshi" huku AC inagandisha vidole. Nimeona watu wakilipia hivyo, na inaniuma.

Ukungu ukiwa unarudi kila siku hata kukiwa hakuna mvua, angalia vitu viwili. Filta ya AC, ambayo kwenye magari mengi iko nyuma ya kabati la dashibodi upande wa abiria. Ikijaa vumbi, hewa inapita kidogo, evapureta inapoa kupita kiasi na inaweza hata kuganda barafu, kisha hewa inakatika kabisa. Ikikukatikia njiani, zima AC uache feni ipulize mpaka barafu iyeyuke, na ukifika badilisha filta.

Cha pili ni mrija wa kutolea maji. Kwenye magari ya kutoka Japani yenye usukani kulia, huwa unatokea chini ya gari upande wa kushoto. AC ikifanya kazi wakati wa masika, pale chini lazima padondoke maji. Yaguse: ni safi, baridi, hayana mafuta wala harufu. Hayo ni ya kawaida, yasikutishe. Ila yasipodondoka kabisa, huku unasikia maji yakicheza ndani ya dashibodi ukikata kona, au kapeti la abiria limelowa, mrija umeziba kwa matope au wadudu. Mwambie fundi aupulize taratibu kutoka chini. Asichokonoe kwa waya mgumu, maana akitoboa evapureta, gharama itakayofuata ni kubwa kuliko ya kuzibua mrija. Kapeti likishalowa, livue na ulianike juani siku hiyohiyo, pamoja na sponji lililo chini yake, kwani sponji hilo ndilo linalohifadhi maji na kuleta uvundo garini.