Kabla ya Rangi za Ramani, Zisome Namba

Wengi wanaoniomba niwafundishe GIS, yaani mifumo ya taarifa za kijiografia, hutaka kuanza na rangi. Mimi huwanyima. Nawapa faili lenye nukta tupu na kuwauliza: namba hizi ni za nini?

Data ya kijiografia ni jedwali la kawaida lililoongezewa mahali. Kisima kina kina chake, mwaka kilipochimbwa, na pale kilipo. Kisima huwa nukta, barabara huwa mstari, shamba huwa poligoni. Hizo zote ni vekta. Rasta ni gridi ya pikseli, kila moja ikibeba thamani yake, nayo hufaa vitu visivyo na mpaka dhahiri kama mwinuko au joto. Pikseli nyingi za picha za setilaiti za Landsat zina upande wa mita 30, kwa hiyo usihangaike kutafuta nyumba moja humo. Setilaiti za Sentinel-2 hufika mita 10.

Sasa penye kazi yenyewe. Fungua tabaka lako, yaani data ya aina moja kama visima, katika QGIS, programu ya GIS ya bure, kisha soma koodineti, yaani namba za mahali, kabla hujaitazama ramani. Zikiwa kati ya -180 na 180 kwa longitudo, na kati ya -90 na 90 kwa latitudo, yaelekea ni digrii. Mara nyingi ni WGS 84, mfumo wa koodineti unaotumiwa na GPS, wenye msimbo EPSG:4326 (EPSG ni orodha ya misimbo ya mifumo hii). Zikiwa za malaki na mamilioni, yaelekea ni mita, pengine UTM, mfumo wa koodineti za mita. UTM imegawa dunia katika kanda 60, kila moja digrii 6 za longitudo, na jozi ileile ya namba hujirudia kanda baada ya kanda. Anayekupa namba za UTM bila kanda hajakupa mahali.

Nukta zako zikirundikana baharini, kwenye Ghuba ya Guinea, umefika sifuri-sifuri, yaani latitudo 0 na longitudo 0. Ama visanduku vitupu vimejazwa sifuri, ama digrii zimesomwa kana kwamba ni mita. Zikitua nchi nyingine kabisa, angalia kama latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. GeoJSON, muundo mmoja wa mafaili ya data hii, hutanguliza longitudo, ilhali watu wengi hutaja latitudo kwanza.

Kuna vitendo viwili ambavyo wanaoanza huvichanganya sana. Kutangaza mfumo wa koodineti wa tabaka ni kuiambia programu namba zilizopo ni za mfumo gani. Namba zenyewe haziguswi. Kugeuza ni kukokotoa namba mpya na kuzihifadhi katika tabaka jipya. Tangaza pale tu ambapo tangazo halipo au ni la uongo. Ukitaka mfumo mwingine, geuza. Tabaka la digrii ukilitangaza kuwa UTM halitakuwa UTM, litapotea tu.

Kwa nini ugeuze? Kwa ajili ya vipimo. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111 popote, lakini ya longitudo hupungua kutoka ikweta, hubaki nusu kwenye latitudo 60, na huisha kwenye ncha. Eneo la shamba kwa digrii za mraba halina maana. Wala usipimie juu ya EPSG:3857, mfumo wa ramani nyingi za mtandaoni: kwenye latitudo 60 urefu huonekana maradufu na eneo mara nne. Kwa eneo dogo, geukia kanda yako ya UTM.

Kuhusu kuhifadhi, shepufaili, muundo mmoja wa kuhifadhi vekta, ni kundi la mafaili: .shp, .shx, .dbf, na .prj inayobeba mfumo wa koodineti. Anayenitumia .shp peke yake namrudishia. Tena majina ya safu hukatwa yakizidi herufi 10. Mimi hutumia GeoPackage, faili moja, basi.

Mwisho weka picha ya setilaiti chini ya tabaka lako, ukuze hadi kwenye njia panda. Kila kitu kikiwa kimesogea upande uleule kwa makumi au mamia ya mita, shuku datamu, yaani kielelezo cha umbo la dunia ambacho koodineti zimepimiwa. Usilivute tabaka kwa mkono. Muulize aliyekusanya data alitumia datamu ipi.