Kupima shabaha ya gobore Marekani: inayohesabiwa ni risasi ya kwanza

Gobore halina risasi iliyofungwa tayari kiwandani. Wewe ndiye kiwanda. Unapima baruti, unaimimina mdomoni mwa mtutu, unashindilia risasi kwa mdeki, kisha unaweka fataki. Kwa hiyo siku unayokwenda uwanja wa shabaha kujua kama bunduki yako inapiga sawasawa, sehemu kubwa ya unachopima ni mkono wako mwenyewe. Nasema hivi mapema kwa sababu ndugu wengi wanaoanza uwindaji huku Marekani hubadilisha darubini, hubadilisha risasi, mwisho hubadilisha bunduki nzima, na matundu kwenye karatasi bado yanatawanyika. Kilichokuwa kinabadilika kila mara ni jinsi wanavyopakia.

Karatasi kabla ya baruti

Sisi tuliohamia tuna jambo la kumaliza kabla ya yote. Sheria ya shirikisho, 18 U.S.C. 922(g)(5), inamkataza mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, iwe ya masomo, kazi au matembezi, kuwa na silaha au risasi mikononi mwake, isipokuwa kama ana sababu inayotambuliwa na sheria. Leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo ni mojawapo ya sababu hizo. Mwenye green card hayumo katika katazo hilo.

Gobore nalo lina nafasi yake ya pekee. Sheria za shirikisho hulihesabu kuwa silaha ya kale kama limetengenezwa kutumia baruti nyeusi au mbadala wake na haliwezi kutumia risasi za kasha, yaani zile zilizofungwa tayari kiwandani. Ndiyo maana utayakuta yanauzwa bila ukaguzi unaofanyika kwa bunduki nyingine. Usitulie hapo. Gobore ambalo mtutu wake unaweza kubadilishwa kirahisi na wa risasi za kasha halipati msamaha huo, na majimbo yana sheria zao: New Jersey na Illinois ni miongoni mwa yanayotaka uwe na kitambulisho cha silaha hata kwa gobore. Hukumu ya kosa la silaha inaweza kumwondoa nchini hata mwenye green card. Kama hali yako ya ukaazi ina utata wowote, lipia saa moja ya wakili wa uhamiaji kabla hujagusa triga. Hiyo ni pesa ndogo kuliko zote utakazotumia katika jambo hili.

Soma pia kanuni za msimu wa jimbo utakalowinda, maana ndizo zinazoamua utapima nini. Katika msimu wa magobore, Colorado hairuhusu darubini, saboti (kifuko cha plastiki kinachoishika risasi) wala vidonge vya baruti. Pennsylvania, katika msimu wake wa baada ya Krismasi, inataka gumegume tu, yaani gobore linalowashwa kwa jiwe badala ya fataki. Haina maana kutumia wiki nzima kulenga kwa darubini ambayo utalazimika kuifungua siku ya kuwinda.

Kuufikia uwanja

Piga simu kwanza. Viwanja vingi vya ndani ya jengo havikubali baruti nyeusi kwa sababu ya moshi, kwa hiyo tafuta uwanja wa wazi wenye umbali wa yadi 25, 50 na 100. Ukitaka kujifunza kwa watu wanaoupenda mchezo huu, klabu zilizo chini ya National Muzzle Loading Rifle Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1933 chenye makao Friendship, Indiana, ni mahali pazuri pa kuanzia. Wazee wa klabu hizi hupenda kufundisha. Mwulize mmoja akuonyeshe anavyopakia, kisha kaa kimya umtazame mikono.

Kama unasafiri kwa ndege, fahamu kwamba baruti na fataki haziruhusiwi, si kwenye mkoba wa mkononi wala kwenye mzigo unaokabidhiwa. Zinunue unakokwenda.

Vaa miwani na vizuia masikio. Baruti haimiminwi moja kwa moja kutoka chupani kwenda kwenye mtutu: cheche iliyobaki ndani inaweza kuwasha chupa nzima mkononi mwako. Mimina kwanza kwenye kipimo, kisha kipimo ndicho kimimine. Usiinamishe uso wala kifua juu ya mdomo wa bunduki unaposhindilia. Fataki huwekwa mwisho kabisa, ukiwa kwenye mstari, mdomo ukielekea shabaha. Ukivuta triga na bunduki isilie, iache imeelekea mbele kwa dakika moja nzima au zaidi. Baruti inaweza kuwa inaungua polepole. Msimamizi akitoa amri ya kusitisha, toa fataki, weka bunduki chini na umjulishe kwamba mtutu una shehena. Na baruti ya kisasa isiyo na moshi usiitie kamwe kwenye gobore ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake. Inapasua mtutu.

Kupakia kwa namna moja

Baruti ya gobore hupimwa kwa ujazo, si kwa uzito, ingawa kipimo chake huitwa greni. Greni 100 za uzito ni kama gramu 6.5, lakini greni 100 za ujazo za mbadala kama Blackhorn 209 zina uzito wa takribani greni 70 tu. Anayechanganya vipimo hivi viwili anaweza kuzidisha shehena kwa hatari. Chagua njia moja, fuata kijitabu cha aliyetengeneza bunduki, na usivuke kiwango cha juu alichoandika.

Anza chini, tuseme greni 70 za ujazo, upande kwa greni tano tano. Hapa baruti ya unga inashinda vidonge, kwa maoni yangu, kwa kuwa kidonge cha greni 50 hakikupi nafasi ya kurekebisha kidogo kidogo. Wengi hudhani baruti nyingi ndiyo shabaha nzuri. Mara nyingi bunduki hupenda kiasi fulani cha katikati, na ukiongeza zaidi matundu huanza kuachana huku bega likiumia bure.

Angalia mtutu wako umetengenezewa risasi gani. Mifereji ya ndani inayozunguka mara moja kwa kila inchi 28 hupenda risasi ndefu na saboti. Inayozunguka mara moja kwa inchi 60 au zaidi imekusudiwa risasi ya mviringo iliyofungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Ile ya inchi 48 iko katikati. Kuna magobore mazuri yanayolaumiwa kila mwaka kwa kulishwa risasi isiyo yao.

Kwa mtutu wa kaliba .50, risasi ya mviringo ya inchi .490 na kitambaa chenye unene wa inchi .015 ni mwanzo unaofaa. Wakati uwanja umesitishwa na watu wameruhusiwa kwenda mbele, okota vitambaa vyako. Vinasema ukweli kuliko darubini. Kilichochakaa ukingoni kidogo tu hakina tatizo. Kilichoungua katikati ni chembamba mno, au mafuta hayatoshi, au baruti imezidi. Kilichokatika kana kwamba kwa wembe kinaonyesha kingo kali ndani ya mtutu au mdomoni mwake.

Sasa mdeki. Pakia shehena yako, shindilia mpaka risasi ikae kabisa juu ya baruti, kisha chora alama kwenye mdeki usawa wa mdomo. Kila upakiapo, alama irudi palepale. Ikibaki juu, risasi haijafika, na kufyatua ikiwa na nafasi kati yake na baruti kunaweza kuvimbisha mtutu. Msukumo wa mkono nao uwe uleule. Usigongegonge risasi kwa mdeki.

Kati ya risasi na risasi, pitisha kitambaa kimoja chenye unyevu na kimoja kikavu. Masizi ya baruti hujenga ukuta ndani, hasa karibu na kizibo cha nyuma, na risasi ya nne haitasukumika kama ya kwanza. Kama Triple Seven ndiyo baruti yako, ukuta huo utaujua mapema. Subiri pia mtutu upoe, kwa sababu joto hulainisha saboti ya plastiki. Katika kundi moja la risasi usibadilishe kitu hata kimoja, na kati ya kundi na kundi badilisha kimoja tu: baruti, au risasi, au fataki.

Karatasini

Laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga kwa sehemu ya mbao, si kwa mtutu wenyewe. Anza yadi 25, hata kama unataka kufika 100, ili risasi za mwanzo ziguse karatasi. Darubini nyingi husogeza robo inchi kwa kila kliki kwenye yadi 100. Kwenye yadi 25 kliki hiyohiyo ni sehemu ya kumi na sita ya inchi, kwa hiyo inchi moja inataka kliki 16. Kwa vilengeo vya kawaida, cha nyuma kisogeze upande unaotaka risasi iende, cha mbele upande wa kinyume.

Usirekebishe baada ya tundu moja. Piga tatu, tafuta katikati yake, ndipo uguse darubini. Ukiisha kukaribia kitovu, nenda 50, kisha 100, na huko piga makundi ya matano. Matundu matatu yaliyobanana yanaweza kuwa bahati. Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa lililo mbali zaidi, kisha toa kipenyo cha risasi. Matundu yakipangana wima, mara nyingi kosa liko kwenye baruti, ushindiliaji au fataki. Yakitawanyika kwa upana, tazama upepo na namna unavyovuta triga.

Halafu kuna kipimo ambacho watu wengi hukiruka, nacho ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Porini utapata risasi moja, kutoka kwenye mtutu baridi na safi ulioupakia asubuhi. Mtutu ulio na mafuta kidogo ndani unaweza kuipeleka risasi hiyo ya kwanza mbali na kundi lililopigwa kwenye mtutu wenye masizi. Kwa hiyo rudi uwanjani siku tofauti, kausha mafuta yote, lipua fataki moja au mbili bila shehena ili kufungua tundu la moto, pakia kama utakavyopakia siku ya kuwinda, piga moja tu katika karatasi uliyoiandika tarehe, kisha iweke. Siku nyingine piga nyingine kwenye karatasi ileile. Baada ya safari kadhaa, karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia umbali wako halali kwa kulungu: umbali ambao matundu yote ya kwanza yanaingia ndani ya duara la inchi nane hivi, ukubwa wa eneo la moyo na mapafu. Kama ni yadi 60, basi winda kwa yadi 60 na umwache wa yadi 90 apite.

Siku hiyohiyo ukirudi, osha mtutu. Masizi ya baruti nyeusi na ya Pyrodex hunyonya unyevu na kula chuma, hivyo maji ya moto yenye sabuni, vitambaa vikavu, kisha mafuta mepesi. Blackhorn 209 inataka kiyeyushi chake badala ya maji. Kesho yake pitisha kitambaa kikavu tena, na kikitoka na rangi ya kutu, rudia kuosha.