Unaenda Paris? Ujanja wako wa Kariakoo usiuache airport

Mtu wa Dar akipata viza ya Schengen utasikia anauliza baridi ikoje, jaketi zito atalipata soko la Karume au la, adapta ya chaja ananunua wapi, ila kuhusu wezi hakuna anayeuliza maana tumeshajiaminisha kwamba Ulaya hakuna vibaka. Wapo jamani. Na Paris wapo waliokomaa kwenye kazi, mpaka Aprili 2013 wafanyakazi wa jumba la makumbusho la Louvre waligoma kazi na jumba halikufunguliwa, kisa wachomoaji waliokuwa wanaingia ndani kuwaibia wageni na kuwatisha hadi wafanyakazi wenyewe.

Sio wa kukupiga nondo lakini. Kwa mtalii wa kawaida anayetembea na miguu, kinachomkuta zaidi ni mikono myepesi na maneno matamu, vitu ambavyo aliyekulia mjini hapa anavijua toka mdogo, tatizo tukishashuka kwenye ndege tunaanza kushangaa maghorofa na zile akili tunazizima.

Tuanze pale uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Ukitoka tu na mabegi kuna jamaa watakufuata ndani ya jengo wakiuliza taksi taksi, hao ni wapiga debe wa magari ya uchochoroni, kausha upite. Taksi halali zinapanga foleni nje kwenye kituo chake, zina taa juu, na bei yake ya kwenda mjini imepangwa kabisa, mwaka 2025 ilikuwa yuro 56 kwa upande wa kaskazini wa mto Seine na yuro 65 upande wa kusini, hakuna kupatana hapo. Ukichukua RER B, treni ya kutoka uwanjani kwenda mjini (mwaka 2025 ilikuwa yuro 13), nunua tiketi mwenyewe kwenye mashine au dirishani. Akija mtu mkarimu anataka kukubonyezea skrini mwambie asante na umpe mgongo, maana wapo wanaochukua hela yako wanakupa tiketi ya mtoto au iliyokwisha kutumika. Na tiketi usiitupe mpaka umetoka nje kabisa ya stesheni, wakaguzi wanakaa kwenye korido wanapiga faini palepale na kujitetea we ni mgeni hakusaidii kitu.

Sasa metro, yaani treni za ndani ya mji, hapa ndo penyewe. Line ya 1 inayopita Louvre na Champs-Élysées, stesheni ya Châtelet, na Gare du Nord, hayo maeneo macho yawe wazi. Kama umewahi kugombania basi la mwendokasi Kimara asubuhi unajua namna ya kusimama, begi la mgongoni linakuja kifuani, zipu mkono juu yake, simu haikai mfuko wa nyuma. Tofauti ni kwamba kule usitafute sura ya teja. Mara nyingi ni mabinti wadogo wamevaa vizuri, wanatembea kikundi, mmoja anasimama ghafla mlangoni mbele yako kama amesahau kitu, wewe unamgonga, wa nyuma anakusukuma, na kwenye ule msongamano wa sekunde tatu pochi imeshapitishwa mtu wa tatu. Ukiona umebanwa na watu wakati behewa lina nafasi, shuka au sogea, usione aibu.

Alafu mlangoni usisimame unachati. Wanasubiri king'ora cha kufunga milango kikilia, wanakwapua simu wanaruka nje, mlango unafunga we uko ndani unaangalia kupitia kioo. Na mgahawani simu isikae juu ya meza, anakuja mtu na karatasi au ramani anaitandaza juu ya meza anakuuliza njia, akiinua karatasi anainua na simu chini yake.

Mtaani sasa. Ukipanda kwenda kanisa la Sacré-Coeur kule Montmartre, chini ya ngazi kuna vijana weusi wenzetu wameshika nyuzi za rangi, wakikuona tu "hakuna matata, my brother!" na we Mswahili moyo unayeyuka unajua umepata ndugu ugenini, mkono unatoa, uzi unafungwa kidoleni au mkononi unasukwa bangili, ukimaliza kucheka unadaiwa yuro 20 na wenzie wamekuzunguka. Mikono mfukoni, tembea, salamu ya mdomo inatosha. Kuna na wasichana wenye karatasi za kusaini, wengine wanajifanya viziwi, wewe ukiinama kusaini mwenzie anaingia kwenye pochi, au ukishasaini wanadai mchango. Yupo pia wa pete, anaokota "dhahabu" miguuni kwako anauliza kama ni yako, hii ni ile ile ya burungutu la hela lililodondoka, huna haja ya kuelezwa. Na karibu na mnara wa Eiffel utakuta karata tatu kabisa ila wao wanatumia vikombe vitatu na kapeti dogo chini, yani mtu ametoka Dar nauli yote hiyo kwenda kupigwa karata tatu! Wanaoshinda pale wote ni timu moja, na hata ukiangalia tu bila kucheza, nyuma yako kuna anayekagua mifuko.

Kuvuka barabara watu hawakuongelei lakini mi binafsi naona ni hatari kuliko wezi. Kwetu shingo imezoea kuangalia kulia kwanza, kule magari yanatokea kushoto, na mwili haukumbuki hata kama kichwa kinajua. Angalia kushoto, kulia, kushoto tena, na taa ya kijani ya waenda kwa miguu isikudanganye maana baiskeli wengine hawaijali, na barabara kama Rue de Rivoli ina njia pana za baiskeli na baiskeli zinatokea pande zote mbili.

Usiku nao una mtego wake. Mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku, unajua bado jioni kumbe muda umeenda. Treni za mwisho za metro ni kama saa saba na robo usiku, Ijumaa na Jumamosi saa nane na robo, ukikosa kuna basi za usiku zinaitwa Noctilien. Ramani iangalie ukiwa umesimama ukutani au umeingia dukani.

Jambo lingine tuambizane ukweli, polisi. Ripoti ya mwaka 2017 ya Défenseur des droits, taasisi ya Ufaransa ya kutetea haki, ilikuta vijana wa kiume wanaoonekana weusi au Waarabu wana uwezekano mara 20 zaidi ya watu wengine wa kusimamishwa na kukaguliwa vitambulisho. Ukisimamishwa usikimbie wala kubishana, toa pasipoti taratibu. Mgeni anatakiwa aweze kuonyesha hati zake, kwa hiyo pasipoti ikae kwenye kipochi cha ndani ya nguo, sio kwenye begi. Ila "polisi" wa nguo za kiraia anayetaka kuhesabu hela kwenye wallet yako, mwambie twende kituoni.

Ukiibiwa, 112 inafanya kazi kule kama hapa kwetu, au 17 polisi moja kwa moja. Kabla hujaondoka Dar andika IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu yako (bonyeza *#06#), namba za benki na za mtandao wako kwenye karatasi, na kopi ya pasipoti muachie mtu nyumbani, maana simu ikienda imeenda na M-Pesa yako, laini inabidi ifungwe siku hiyohiyo. Ile bima ya viza ya yuro 30,000 ni ya matibabu na kurudishwa nyumbani, simu haimo. Nenda commissariat, yaani kituo cha polisi, upate karatasi ya kuripoti wizi, bila hiyo bima nyingine yoyote haitakusikiliza, na kama kilichoenda ni pasipoti karatasi hiyo utaihitaji kwenye ubalozi wetu wa Paris, wikiendi wamefunga, kwa hiyo polisi Jumamosi, ubalozi Jumatatu asubuhi.