Mtoto Aliyezaliwa Bila Duara la Rangi Machoni: Namna ya Kuzilinda Figo Zake

Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi na matabibu wa Kisumu, Siaya na Vihiga wanaowapokea watoto wachanga siku za chanjo.

Kwa kawaida mboni nyeusi huzungukwa na duara la kahawia. Duara hilo likikosekana, au likibaki ukingo mwembamba tu, mtoto hufumba macho akitolewa juani, na macho yenyewe huchezacheza bila kutulia. Kwa watoto wetu, ambao kahawia ya macho yao imekolea, kasoro hii hupita bila kuonekana kwa urahisi mno. Kwa hiyo usiridhike na kutazama tu, bali mulika tochi kutoka ubavuni, jicho moja baada ya jingine.

Chanzo chake mara nyingi ni jeni iitwayo PAX6, iliyoko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 11. Protini yake hujishikiza kwenye DNA na kuziwasha au kuzizima jeni nyingine wakati jicho linapoumbwa. Tuna nakala mbili za jeni hiyo, na moja ikiharibika, iliyobaki haitoshelezi kazi. Jirani yake kwenye mkono huohuo ni WT1, nayo ni jeni ya kuamrisha nyingine, ila yake ni kazi ya figo: panya waliokosa nakala zake zote mbili hawakuota figo kabisa. Kipande cha kromosomu kikikatika na kuondoka na jirani hao wawili, kila seli ya mtoto hubaki na nakala moja tu ya WT1, na seli ya figo ikiipoteza hata hiyo, saratani iitwayo uvimbe wa Wilms inaweza kuanza. Takriban nusu ya watoto wenye upungufu huu huipata, na ndiyo maana naona ni kosa kubwa kumpa mama rufaa ya macho peke yake.

Waulize wazazi kama kuna ndugu mwenye macho ya namna hiyo. Akiwapo, huenda ni PAX6 pekee iliyoguswa. Mtoto akiwa wa kwanza katika ukoo, mhesabu kuwa yuko hatarini hadi kipimo cha kromosomu kionyeshe kwamba WT1 ni nzima, hasa akiwa mvulana ambaye korodani zake hazijashuka.

Wakati kipimo hicho kinasubiriwa, agiza ultrasaundi ya figo mara moja, na irudiwe kila miezi 3, angalau hadi mtoto atimize miaka 7. Usikubali muda huo urefushwe kuwa miezi 6 kwa sababu ya nauli au foleni, kwani uvimbe huu hukua upesi. Tumbo likivimba au mkojo ukiwa na damu, usilibonyezebonyeze tumbo. Mpeleke siku hiyohiyo kwenye hospitali ya rufaa inayotibu saratani za watoto, kama ile ya Moi iliyoko Eldoret. Kliniki ya macho nayo iendelee, maana glakoma na mtoto wa jicho huweza kufuata baadaye.

Mweleze mama, baba akiwapo, kwamba hakuna chakula alichokula wala jambo alilotenda lililosababisha haya. Kisha andika tarehe ya ultrasaundi ijayo kwenye jalada la kijitabu cha kliniki, kwa herufi kubwa, ili yeyote atakayempokea mtoto huyo aione kabla hajakifungua.