Kubadili AC ya Pikapu Kutoka ya Mkono Kuwa ya Otomatiki

Dereva anayetoka Mtwara mjini alfajiri kwenda Newala huanza safari katika joto lenye unyevu wa bahari, akaimaliza juu ya uwanda wa Makonde ambako majira ya kusi asubuhi huwa na ukungu na baridi ya kutosha kufunga vioo. Njia nzima mkono wake huwa kwenye swichi za AC: anapunguza, anaongeza, anafuta kioo kilichoingia ukungu. Mjomba wangu, ambaye hupakia korosho kwenye Hilux ya dizeli yenye swichi tatu za kuzungusha, aliniomba nimwondolee usumbufu huo, na mwongozo huu umetokana na kazi hiyo. Umeandikwa kwa fundi anayejua kutumia mita na kusoma mchoro wa waya.

Kabla ya kununua chochote, ieleweke kwamba paneli yenye kioo cha namba siyo AC ya otomatiki. Katika mfumo wa mkono, swichi ya joto huvuta kebo inayofungua mlango wa hewa ndani ya boksi la AC, na kasi ya feni hupunguzwa na rezista. Katika mfumo wa otomatiki kompyuta ndogo husoma joto la ndani ya kabini, joto la nje, ubaridi wa evapareta (kifaa kinachopoza hewa ndani ya boksi), joto la maji ya injini na ukali wa jua, kisha huamua yenyewe. Kwa hiyo mteja anayetaka paneli tu kwa ajili ya mwonekano aambiwe mapema kwamba fedha yake itapotea.

Hatua ya kwanza: hakikisha hita ipo na inafanya kazi

Huku pwani hita haina kazi kwa watu wengi, na ikivuja, fundi huikata na kuunganisha mipira miwili ya maji moja kwa moja kwenye injini. Gari la namna hiyo haliwezi kuwa na otomatiki ya kweli, kwa sababu kompyuta hupata joto lililoombwa kwa kuchanganya hewa iliyopita kwenye evapareta na hewa iliyopita kwenye hita. Washa injini hadi ipate moto, weka swichi kwenye joto la juu, kisha shika mipira yote miwili inayoingia kabini. Yote miwili inapaswa kuwa ya moto. Kama kompresa, yaani pampu ya gesi ya AC, nayo imechoka au gesi imepungua, rekebisha hilo kwanza, kwani otomatiki haiponyi AC mbovu.

Hatua ya pili: nunua vifaa vyote kutoka gari moja

Spea za mtumba wengi wetu huagiza Dar es Salaam, Gerezani, zikaja kwa basi. Sikubali kukusanya paneli ya gari hili, kompyuta ya lile na mota za jingine, hata kama bei inavutia. Omba seti ya toleo lilelile la gari lako, lenye usukani wa kulia: paneli, kompyuta ya AC, mota za milango ya hewa, kidhibiti cha feni, sensa zote, na soketi zake zikiwa na mikia ya waya ya urefu wa shibiri moja au zaidi. Sisitiza pia upate kipande cha plastiki chenye mpira mwembamba kinachotoka kwenye sensa ya ndani hadi kwenye boksi. Muuzaji atakiona ni takataka na kukiacha, nawe utakihitaji kuliko paneli yenyewe.

Hatua ya tatu: fungua dashibodi

Toa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mifuko ya hewa ya usalama uishe. Mengine unayajua.

Hatua ya nne: mota badala ya kebo

Ondoa kebo na ufunge mota mahali pake. Boksi nyingi za mkono tayari zina vishimo vya skrubu vya mota hizo, na hapo huna haja ya kutoa boksi wala kufungua mfumo wa gesi. Mota ya aina ya zamani huwa na pini tano: mbili za kuizungusha na tatu za kueleza mlango upo wapi. Ipime mezani kwa kuipa umeme wa betri na kugeuza chanya na hasi, huku mita ikionyesha omu zikipanda na kushuka taratibu bila kuruka. Mota za magari mapya zaidi, zenye pini chache, hupokea amri za kompyuta, kwa hiyo usizipime kwa betri.

Hatua ya tano: feni

Rezista inatoka, kidhibiti cha feni kinaingia. Mapezi yake ya alumini lazima yakae ndani ya njia ya hewa ya feni, kwa kuwa hewa hiyo ndiyo inayokipoza. Ukikining'iniza nje ya boksi kitaungua. Tumia waya mnene, na fyuzi isizidi ile ya kiwandani.

Hatua ya sita: sensa, na hasa ile ya ndani

Sensa ya nje hufungwa nyuma ya grili, mbele ya kondensa (rejeta ya AC), mbali na joto la injini. Sensa ya jua hukaa juu ya dashibodi, karibu na kioo. Sensa ya evapareta kwa kawaida ipo tayari, kwa sababu hata AC ya mkono huihitaji ili evapareta isigande barafu, lakini ihakikiwe kwamba omu zake zinalingana na za kompyuta mpya. Hizo tatu hazisumbui.

Sensa ya ndani ndiyo inayokula siku nzima za mafundi. Dalili ni hii: mteja anaweka nyuzi 25, lakini feni inavuma kwa nguvu zote na baridi haikomi hata abiria wakijifunika kanga. Fundi anashuku gesi, kisha kompyuta, kisha anapima sensa na kuikuta nzima, kwani kwenye Toyota nyingi inasoma karibu kilo-omu 1.7 kwa nyuzi 25, na hakuna namba ya kosa inayojitokeza. Sensa haina ubovu wowote. Inachopima ni hewa iliyotuama nyuma ya dashibodi, ambayo ni ya moto siku zote, na kompyuta inaamini kwamba kabini nzima iko hivyo.

Tundu dogo lenye vijiti vya plastiki, ambalo mara nyingi huwa karibu na goti la dereva, si pambo. Hewa ya kabini inapaswa kuvutwa humo mfululizo, ikapita juu ya sensa na kwenda kwenye boksi kupitia ule mpira mwembamba. Mvuto huo huzalishwa na kipande cha plastiki kinachofungwa pembeni mwa boksi, ambako hewa ya feni ikipita kwa kasi kwenye njia nyembamba hufyonza hewa kutoka kwenye mpira. Boksi ya mkono huenda ikawa imezibwa mahali hapo. Toboa kwa kufuata alama iliyoachwa kiwandani kwenye plastiki na ufunge kipande hicho kwa sponji ili kisivujishe. Ukichomeka mpira kwenye tundu lolote la boksi bila kipande hicho, hewa ya baridi itarudi nyuma na kuipulizia sensa, na utapata kinyume chake: kompyuta itadhani kabini imepoa na kuacha joto lipande.

Kipimo chake ni rahisi na ninakipenda kuliko mashine yoyote. Weka feni juu kabisa, kata kipande cha karatasi laini ya chooni chenye upana wa kidole, kisogeze kwenye tundu. Kinapaswa kunaswa na kubaki pale bila kushikwa. Kikianguka, mpira umechomoka au umekunjwa wakati wa kurudisha dashibodi. Kikipeperuka, umeufunga upande usiofaa. Fanya kipimo hiki kabla ya kufunga skrubu za mwisho, kisha ukirudie baada ya kuzifunga, kwa sababu mpira hukunjwa hasa redio inaporudishwa. Msimu wa korosho, gari likishinda kwenye barabara za vumbi, tundu hilo husafishwa kwa brashi laini. Upepo wa kompresa ya gereji unaweza kuivunja sensa.

Hatua ya saba: waya

Lehemu kila kiungo kwa risasi na ukifunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota waya na kuzungushia gundi ya nailoni hakufai popote, na kwa chumvi ya hewa ya Shangani au Mikindani kiungo hicho kitaota kutu ya kijani mapema. Usifuate rangi za waya; fuata namba za pini kwenye mchoro.

Hatua ya nane: jaribio

Kwenye Toyota nyingi za otomatiki, shikilia kwa pamoja kitufe cha AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, kisha fungua swichi ya kuwashia gari hadi ON. Taa zote zitawaka na kuzima mara nne, halafu namba zitatokea: 00 ni salama, 11 ni sensa ya ndani, 12 ni ya nje, 13 ni ya evapareta, na 31 inahusu mlango wa kuchanganya hewa. Namba 21 ni ya sensa ya jua, nayo hujitokeza hata sensa ikiwa nzima iwapo gari lipo gizani au kivulini. Mjomba alikuwa ameegesha chini ya mkorosho na kwa heshima akaniuliza, "Mpwa, sasa hii nayo inunuliwe nyingine?" Tulisukuma gari hadi juani, tukarudia jaribio, ikasoma 00.

Mwelekeze mteja aweke nyuzi 24 au 25 na kuacha AUTO ifanye kazi. Akiteremsha hadi mwisho kabisa, mlango wa hewa utafunga upande wa hita wote na AC itapoza kwa nguvu zake zote bila kujali sensa zinasema nini.